Mkono wa Ismaël

Daraja la magogo lilikatika mvua ikiwa bado inapiga. Lori likainama puani, likatumbukia mtoni na marobota yote ya pamba iliyokuwa ikipelekwa Kasongo kwa Wabelgiji. Ismaël, dereva, aligonga kichwa kwenye usukani. Alipozinduka, gogo lilikuwa limepenya mlangoni na kumbana mguu dada yake mkubwa, yaya Feza, aliyepanda naye kule Wamaza. Maji yalimfika kiunoni.

"Shoka iko nyuma. Kimbia!" Feza alipaza sauti.

Ismaël alitoka mbio. Alipofika nyuma ya lori alisimama, mvua ikimpiga, mkono juu ya ubao. Nimefuata nini? Kitu kilimsukuma kifuani, lakini hakikuwa na jina. Akarudi na konzi ya pamba iliyolowa.

"Shoka iko wapi?"

"Shoka gani, yaya?"

Feza akaona damu ikimtiririka sikioni. Akamtuma tena, Ismaël akarudi mikono mitupu. Maji sasa yalikuwa kifuani.

"Sikia. Fuata barabara ya Lusangi. Mutu wa kwanza utaona, mukamate mukono, umuvute mpaka hapa. Sema!"

"Nikiona mutu, namukamata mukono, namuvuta."

"Tena!"

Aliyarudia maneno hayo mpaka sauti ikamkauka, kisha akaondoka. Kwenye kona ya kwanza maneno yakamtoka. Kwenye ya pili, hata jina la Feza. Kilichobaki ni wasiwasi tu. Ulimkataza kukaa, ukamwendesha kwenye tope kama mtu anayefukuzwa.

Chini ya kibanda cha majani, watengeneza barabara walikuwa wamejikinga mvua. Mkubwa wao, Heri, akatoka.

"We, damu hii ni ya nini?"

Ismaël alipomwona yule mtu, mkono wake ukainuka wenyewe, ukamkamata kiganja, ukaanza kuvuta.

"Niache! Uko na wazimu?"

Hakumwachia. Wenzake Heri walicheka, kisha wakaiona ile damu sikioni, wakahisi kuna ajali. Wakabeba mashoka, wakamfuata.

Walimkuta Feza ameinua kidevu, maji yakimgusa midomo. Wakakata gogo kwa zamu, wakamtoa, wakamlaza ukingoni, mguu umevunjika.

Ismaël alikuwa bado ameng'ang'ania mkono wa Heri. Akamtazama yule mwanamke anayetetemeka.

"Huyu mama ni nani?"

Feza alicheka na kulia kwa pamoja. "Ni yaya yako. Muachilie huyo baba, Ismaël. Umefika."

Vidole vikafunguka, kimoja kimoja.