Mlima Unaanza na Mstari wa Kati

— Si hivyo, Damari! Mlima unaanza na mstari wa kati, ndipo unafuata wa kushoto.

Dorika alisema hivyo mikono yake ikiwa kwenye jiwe la kusagia, kama mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango. Damari alikuwa akichorachora tu kwenye unga wa uwele kujifurahisha. Kidole chake kikaganda hapo hapo.

Jamani! Kijiji kizima cha Ulemo, nani alijua mlima wa Kijapani unaanzia wapi? Ni Naftali peke yake. Alirudi na Keya, jeshi la Waingereza, kutoka vitani Burma, ambako alimlinda mateka wa Kijapani aliyekuwa mgonjwa, na yule mateka akamfundisha kanji, alama za maandishi yao, kwa kijiti mchangani. Mlima, mti, mtu, moto. Naftali akamfundisha mchumba wake Damari, tena kwa kiapo: "Hii ni ya mimi na wewe tu."

— Dorika, hilo la mstari wa kati umelijuaje?

— Si nimekuona wewe ukichora?

— Mimi naanza na wa kushoto siku zote. Naftali hunicheka kwa hilo.

Dorika akaacha kusaga. Huyu ndiye rafiki wa kufa na kupona, ndiye aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa harusi!

— Haya, nichoree mwanamke.

— Damari, nisamehe...

— Nimesema chora!

Naftali alikuwa amemwambia Damari kwamba hiyo ya mwanamke ni ngumu, asubiri waoane. Dorika akaichora huku machozi yakimdondoka, mistari mitatu, haraka haraka, bila kukosea. Damari akaiona kwa mara ya kwanza, imechorwa na kidole cha mwenzake.

— Tangu lini?

— Tangu mvua za kwanza.

— Na usimamizi ukaukubali!

— Ningekataa, ungeniuliza sababu.

Damari hakumpiga. Alijifunga kanga vizuri, akamfuata Naftali kule alikokuwa anaezeka nyumba yao mpya.

— Naftali, shuka.

— Kuna nini, mpenzi?

— Dorika amenichorea mwanamke.

Naftali akashuka taratibu. Hata aibu hakuona, mtu yule!

— Ni masomo tu, Damari. Wewe unachelewa kushika. Mwenzako ana kichwa chepesi.

— Na masomo hayo mnafanyia wapi? Humu ndani?

Damari akachungulia ndani ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

— Sikiliza, Naftali akasema, limebaki tangazo moja kanisani. Umenisubiri miaka yote ya vita, wenzako wana watoto wanaochunga mbuzi. Ukiniacha mimi, nani atakuja? Nenda nyumbani ukapumzike.

Yale maneno yalimuuma kuliko mkeka, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Wachumba wote aliwakataa kwa ajili yake.

Jumapili mchungaji akasimama na karatasi yake.

— Hili ni tangazo la tatu na la mwisho la ndoa ya Naftali na Damari. Mwenye pingamizi aseme sasa.

— Mimi.

Kanisa zima likageuka. Damari alikuwa amesimama upande wa wanawake, mama yake akimvuta kanga.

— Kaa chini! Nyamaza!

— Damari, mwanangu, mchungaji akasema kwa upole, wewe ndiye bibi harusi.

— Ndiyo, baba mchungaji. Na pingamizi ni langu.

— Pingamizi gani?

— Ana mwanamke mwingine. Ndiye angenisimamia.

Weee! Minong'ono ikalipuka. Dorika akajifunika uso. Naftali, kule kwa wanaume, akainama kama anayetafuta kitu kilichoanguka, na mama yake Naftali akaanza kufoka kwa Kinyiramba mbele ya madhabahu.

Damari akatoka. Mama yake akamkimbilia mpaka barabarani, anahema.

— Umejimaliza, mwanangu! Aibu hii tutaipeleka wapi? Nani atakuoa sasa?

— Labda hakuna, mama.

— Sasa kwa nini hukumezea? Wanawake wangapi wanamezea!

— Nilijaribu, mama. Tangu siku ile najaribu. Haipiti.

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani na kumtazama. Mama yake akavua kanga yake ya juu, akamfunika nayo, na safari hii hakumwambia anyamaze.