Jogoo wa Nadhiri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Laurensia alifungua banda la kuku nyuma ya nyumba yao pale Pangani, Kibaha, akawamwagia pumba na kuwabadilishia maji. Kuku wote walikuwa wa mama, isipokuwa jogoo mmoja mwekundu, mwenye maringo kama bwana harusi. Huyo alikuwa wake, naye alimpenda kupita kiasi.

Hata hivyo, jogoo huyo alikwisha kuahidiwa. Mdogo wake, Gregori, alikuwa ameugua malaria kali hadi akaongezewa damu. Siku hiyo Laurensia alilia nje ya wodi, akasema, "Ee Mungu, Gregori akipona nitakutolea jogoo wangu Jumapili ya mavuno." Mama alisikia, akaitikia amina. Gregori akapona, na sasa alishinda uani akiwakimbiza kuku.

Jumapili ya mavuno ikafika. Laurensia aliingia bandani na tenga, akamtazama jogoo, moyo ukagoma. Pembeni, kwenye kizimba alikotengwa ili asiwaambukize wenzake, alijikunyata tetea mwenye mafua, macho yamevimba, kamasi zinamtoka. "Kuku ni kuku," akajiambia. "Mungu ana kila kitu, atapungukiwa nini?" Anayetafuta kisingizio hakosi. Akamtia tetea ndani ya tenga, akalifunika kwa kipande cha kanga. Mama alikuwa akimvalisha Gregori viatu, hakuona.

Baada ya ibada, mama alitangulia nyumbani kupika. Uwanjani ukaanza mnada wa mazao yaliyotolewa, na kama ilivyo kawaida, majirani Wakristo kwa Waislamu walikuja kununua. Bi Kidawa, jirani yao, hakukosa mnada hata mwaka mmoja. Mzee wa kanisa akaliinua tenga juu, akanadi kwa mbwembwe, na Bi Kidawa akampata kuku bila hata kumkagua.

"Kuku wa shukrani hakaguliwi," alisema akicheka. "Nakwenda kumchanganya na wenzake. Mayai yakizidi, Rahma wangu atapata viatu vya shule."

Rahma alikuwa mjukuu wake, na kuku wale ndio waliowalisha wote wawili. Laurensia alizikumbuka zile kamasi. Mafua yangeweza kulipukutisha banda zima. Hata hivyo akarudi nyumbani bila kumwambia.

Mama alipakua wali na maharage. Gregori, aliyekuwa hawezi hata kumeza uji, alikula kwa pupa huku akiimba. Laurensia alimtazama, akaisogeza sahani yake pembeni.

"Mama," alisema, machozi yakimtoka, "sikumpeleka jogoo. Nilimpeleka yule mgonjwa, na Bi Kidawa amemnunua."

Mama hakumfokea. Alijifunga kanga kiunoni. "Mchukue jogoo wako. Twende upesi."

Walimkuta Bi Kidawa barazani akipumzika.

"Shikamoo, bibi," Laurensia alisema akihema. "Yule kuku ameshaingia bandani?"

"Marahaba, mwanangu. Bado, nimemfunga kule nyuma. Nimemwambia Rahma afagie banda kwanza, mgeni asipokelewe kwenye uchafu. Kwani kuna nini?"

Laurensia alishusha pumzi. Hakuficha kitu. Alieleza yote, akaomba radhi, akamkabidhi jogoo. Bi Kidawa alimpokea, akamtazama Laurensia.

"Ungenitia umaskini, mwanangu," alisema. "Lakini umewahi. Alhamdulillahi."

Mama naye akasema, "Asante, Yesu," kisha wakacheka wote kwa raha ya mtu aliyeepuka shari.

Walipokuwa wakirudi na tetea ili wamtenge tena na kumtibu, mama alimshika Laurensia bega.

"Mwanangu, Mungu hali kuku. Anachotazama ni moyo wa anayetoa. Tulipomlilia, alitupa Gregori mzima, hakutupa nusu. Basi tusimshukuru kwa kile tunachotaka kukitupa. Na sadaka inayomuumiza jirani si shukrani, hata ikipigiwa vigelegele kanisani."

"Nimeelewa, mama."

Nyumbani, Gregori alikuwa mlangoni akiwasubiri. Laurensia alimkumbatia, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale, na Gregori akalalamika kwamba anabanwa.