Kompyuta ya Nyumba Yenye Adabu

Nyumbani kwa Mama Pacha, mshonaji hodari, adabu ndiyo ilikuwa sheria. Cha mtu hakiguswi! Hata kwenye kompyuta yao moja, aliyekuta kazi ya mwenzake imefunguliwa hakuifunga. Aliisogeza pembeni, akafungua yake. Basi kazi zikarundikana humo, na mashine haikuzimwa hata siku moja.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa anachora gauni la harusi la mdogo wake. Harusi keshokutwa, na kitambaa bado hakijakatwa! Mara kioo kikaganda. Kisha programu ya kuchorea ikajifunga yenyewe. Akaifungua, ikaganda tena.

“Maskini mimi! Mdogo wangu atavaa nini?” Machozi yakamlenga.

“Ipige kofi,” alisema mumewe.

“Nitaanza na wewe!”

Jirani yao, fundi wa kompyuta, akaitwa. Alipochungulia, akaangua kicheko.

“Shemeji, huu ukurasa wa mpira ni wa lini?”

“Wa ile mechi tuliyofungwa,” Baba Pacha alijibu kwa aibu. “Mwezi jana.”

“Mbona hamkuufunga?”

“Si wangu,” alisema Mama Pacha. “Kufunga kazi ya mtu si kuitupa?”

“Wala, dada! Meza yako ya kukatia ikijaa vitambaa, utakatia wapi? Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo meza hiyo. Kila mnachofungua kinakaa juu yake. Ikijaa, mashine inakwama. Kuhifadhi ni kuweka kabatini. Hifadhi kwanza, ndipo ufunge. Hakipotei kitu.”

“Na ikiganda tena?”

“Tazama programu ipi inakula kumbukumbu nyingi, uifunge. Halafu zima kompyuta, uiwashe upya. Ikizidi kusumbua, niite. Huenda kipande cha kumbukumbu kimelegea, au ni kidogo, tuongeze kingine.”

Pacha wakaitwa. Kila mtu akahifadhi chake, akafunga. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Mama Pacha akafungua mchoro huku amefumba jicho moja.

Huo hapo! Mikono ya gauni tu ndiyo haikuwepo, kwa kuwa hakuwa ameihifadhi. Akaichora upya, akahifadhi kila baada ya mistari michache. Tangu hapo, adabu ya nyumba ile ni kufunga chako kabla hujainuka kitini.

Kesho yake jioni gauni lilikuwa limeshonwa; mdogo wake alilijaribu, likamkaa sawasawa. Akazunguka chumba kizima kwa furaha.

“Dada, nimependeza?”

“Umependeza mno! Bwana harusi atasahau jina lake.”