Picha ya Shamba la Uwele

Uwele ukikaribia kuiva, Ikram huamkia shambani kwa bibi yake kufukuza ndege. Akimaliza hunawa miguu, huvaa sare na kukimbia shuleni, pale pale mjini Kondoa.

Jumatano moja, darasa lao la sita lilipata mgeni kutoka Dodoma. Aliitwa Bi Violeth, mtunzi wa vitabu vya picha vya watoto. Hadithi anatunga mwenyewe, picha anachora mwenyewe. Alitandaza michoro yake mezani, watoto wakaizunguka.

"Kila kitabu changu huanza kusomwa na watoto," alisema. "Hiki kinachapwa kesho. Niambieni, kuna kosa?"

Lo, nani afungue mdomo? Asubuhi ile Mwalimu Hamidu alikuwa amewaonya kwamba mgeni haaibishwi. Basi wote wakaitikia, "Nzuri sana!"

Ikram alikuwa ameganda mbele ya picha moja. Hadithi ilisema msichana analinda uwele, lakini masuke yaliyochorwa yalikuwa mafupi, manene na ya mviringo. Suke la uwele ni refu na jembamba, nalo husimama wima. Ule ulikuwa mtama!

"Binti, mbona umekodoa macho?" Bi Violeth alimuuliza. "Umeona kosa?"

Ikram alimtupia jicho mwalimu. "Hapana. Ni nzuri sana."

Wakati wa mapumziko aliweka kikombe cha uji chini. Alimuuliza rafiki yake Athuman kama naye ameuona ule mtama.

"Nimeuona. Sasa umkosoe mtu mzima, wewe nani? Nyamaza bwana!"

Lakini Ikram aliona aibu. Mama wa watu ameuliza kwa wema, naye amemdanganya machoni. Kitabu kikishachapwa, watoto wa Kondoa nzima watamcheka. Akaenda ofisini kwa walimu, akamkuta Bi Violeth anafunga mkoba awahi basi la saa sita.

"Shikamoo. Samahani, nilikudanganya. Picha ya shamba ina kosa. Ule si uwele, ni mtama."

"Ikram!" Mwalimu Hamidu alifoka.

Bi Violeth aliitoa picha, akaitazama upya. Uso ulimshuka. "Kumbe!" alisema polepole. "Shamba lenyewe sijawahi kulikanyaga. Niliangalia picha kwenye simu, nikachora."

Basi la saa sita liliondoka bila yeye. Mchana ule alikuwa ameketi shambani kwa bibi yake Ikram, karatasi magotini, anachora huku bibi akimsimamia.

"Lirefushe suke, mwanangu," bibi alisema. "Huo bado mtama!"

Wote walicheka, hata Mwalimu Hamidu aliyekuwa amewasindikiza. Alipoacha kucheka, alimgeukia Ikram. "Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Niliwafundisha adabu nusu."

Bi Violeth aliweka penseli chini. "Miaka kumi na minne nachora, Ikram. Wa kunisifu sijawahi kuwakosa. Leo watoto arobaini wamenisifu, na nusura niondoke na kosa langu mkobani. Kumheshimu mkubwa si kumficha ukweli. Mwambie, ila mwambie kwa adabu, kama ulivyoniambia mimi."

Kisha akampa Ikram penseli na karatasi safi. "Haya, sogea hapa. Suke hili lililobaki lichore wewe."