Nozeli Iliyolia Kama Cherehani

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani wa Sylvain. Alimkuta fundi mwenzake Adolphe amefunga nozeli kwenye pampu ya kupimia, sikio karibu na chuma kama mkunga anayesikiliza tumbo la mama mjamzito, akamuuliza ni mvulana au msichana. Adolphe alicheka kidogo. Kisha akashusha mkono wa pampu, na nozeli ikatoa sauti isiyokuwa yake.

Karakana yao ilikuwa Nsungwi, pembezoni mwa Lilongwe. Nozeli zilitoka kwenye kivuko kidogo cha abiria cha Ziwa Malawi, na wenye kivuko walitaka injini isizimike tena katikati ya maji, na ipunguze moshi mweusi uliokuwa ukiwapaka abiria masizi. Yote mawili huanzia kwenye nozeli. Ikiwa nzima hupuliza dizeli ndani ya injini kama ukungu, na mkono wa pampu ukishushwa polepole hulia kwa mikato mikavu. Ikiwa mbovu hunyamaza na kudondosha. Dizeli haiungui yote, moshi unazidi, na siku ya mawimbi injini inaweza kuzimika.

Ilikwisha kuzimika mara moja. Siku hiyo abiria walihamishiwa kwenye mitumbwi, na Bora, mke wa Adolphe, aliyekuwa akirudi kwao, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, baada ya kuuza sare za shule alizozishona mwenyewe, aliteleza kati ya mtumbwi na kivuko. Hakupatikana. Nozeli zilipofika, Adolphe aliiomba kazi hiyo. Bosi wa karakana alisita, halafu akampa.

Nozeli ya nne ndiyo iliyolia vile. Ilikwenda mbio, ikatulia, ikaenda tena, kama mguu unaokanyaga cherehani na kusimama kwenye kona ya mshono. Bora alikuwa akisimama hivyo kwenye kila kona, avute pumzi. Adolphe alimwomba Sylvain asikilize. Sylvain alishusha mkono mwenyewe, akasema inalia vizuri kabisa, na kwamba sauti pekee inayomsumbua ni ya tumbo lake linalodai nsima ya mchana.

Adolphe alimshuku Sylvain kwanza. Alidhani ametia maji kwenye dizeli ili kumchezea, kwa kuwa harufu iliyopanda ilikuwa ya usipa, vile vidagaa vya ziwani, na ya kitenge kilichoachwa majini siku nyingi. Alimwaga dizeli, akaosha chombo, akachuja nyingine. Harufu ilirudi. Akamshuku aliyezifungua nozeli huko bandarini, kisha akaishuku pampu. Mwisho aliyashuku masikio yake, lakini nozeli nyingine zote zililia kama nozeli.

Jioni alipofika Dzaleka alikuta cherehani ya Bora imefunuliwa. Aliifunika kila asubuhi. Hilo hakulisahau hata siku moja. Kanyagio lilikuwa limelowa. Ufunguo wa pili wa nyumba ulikuwa kwa Annuarite, dada mkubwa wa Bora, naye akamshuku. Lakini Annuarite alipokuja, hakuvuka kizingiti.

"Shemeji, unasikia harufu?" alinong'ona.

"Ni dizeli ya nguo zangu."

"Hapana. Ni ya mayi ya ziwa."

Kwa muda mrefu Annuarite alikuwa akimsihi amalize kilio: anyoe nywele, aitoe cherehani, watu wale chakula pamoja kisha watawanyike. Adolphe alikataa. Alisema hamalizi kilio cha mtu ambaye hakumzika, na nywele zake sasa zilikuwa zimefunika masikio. Jioni hiyo Annuarite hakusihi. Alimweleza, akitazama kanyagio, habari za jini wa ziwani ambaye watu wa kwao Uvira humwita mambamutu.

"Ile kitu haina sauti yake," alisema. "Inaazima ya bantu benye kilio yabo haijaisha. Ikikuomba kitu, usitoe."

Adolphe alijibu kwamba kanyagio likilowa lina sababu, akafuta maji kwa kitambaa. Kitambaa kilinuka usipa.

Kesho yake mchana Sylvain alikwenda kula. Umeme ulikuwa umekatika, na mashine zote za jirani zilinyamaza. Adolphe alifunga tena nozeli ya nne, akiwa ameazimia ama kuipitisha ama kuitupa. Akashusha mkono, na cherehani ikaanza ndani ya chuma, ikaenda, ikasimama kwenye kona, ikaenda tena, na kila iliposimama pumzi ilisikika karibu zaidi, mpaka akaihisi ikiwa baridi chini ya nywele, sikioni, na katika pumzi ile mlikuwa na cheko dogo ambalo mtu mmoja tu duniani alikuwa nalo.

"Fundi yangu," ilisema.

Bora ndiye aliyemwita hivyo. Adolphe hakuuachia mkono wa pampu. Aliuliza anataka nini.

"Hii moja, uiache ivuje. Moja tu. Kivuko ikisimama pale, mi nitapanda."

Alijua namna ya kufanya. Ni kulegeza nati kidogo tu. Hakuna ambaye angegundua mpaka siku ya mawimbi. Spana ilikuwa tayari mkononi, na nati ilikuwa imelegea kabla hajakubali moyoni kwamba anailegeza. Nozeli ikaanza kudondosha.

Hapo akakumbuka jinsi Bora alivyokuwa hawezi kumwacha mtoto apite na shati lisilo na kifungo. Humkamata, hukishona mtoto akiwa wima, huukata uzi kwa meno karibu na tumbo lake mpaka mtoto acheke.

"Na batoto wenye watakuwa ndani?" aliuliza.

Cherehani ilisimama kwenye kona.

"Balete nabo. Nafasi iko."

Kilichokuwa kikidondoka hakikuwa dizeli. Kilikuwa maji meupe, na chini ya chombo kulikuwa na kifungo cha shati la shule, kipana kuliko tundu lolote la nozeli, uzi ukiwa bado umo.

Sylvain aliporudi, nozeli ya nne ilikuwa sandukuni pamoja na zile nzima. Adolphe alikuwa ameiweka yeye, nati ikiwa bado imelegea, na hakuitoa. Jioni nzima alikaa mbele ya cherehani. Hakujua kama lile lilikuwa jini lenye sauti ya Bora, au Bora mwenyewe baada ya ziwa, na hakuwa na chombo cha kulipimia.

Asubuhi alibisha kwa Annuarite, akiwa na wembe, beseni na cherehani kichwani. Annuarite alimnyoa bila kuuliza. Karakanani alifungua sanduku, akaibana nozeli ya nne kwenye jiliwa, akaiponda kwa nyundo bosi akitazama. Alisema haiaminiki, na akaomba mpya.

Nozeli mpya ililia kwa mikato mikavu, ukungu safi. Sylvain alikitazama kichwa cha Adolphe kilichonyolewa, akarudia utani wake kwa sauti ya chini.

"Mvulana ao msichana?"

"Ni nozeli," alisema Adolphe.

Sylvain alipoondoka, Adolphe aliusogeza uso karibu na chuma, masikio wazi, akashusha mkono tena, akingoja isimame kwenye kona. Kisha tena, ingawa ilikuwa imepita kipimo tangu mara ya kwanza.