Gari la Mama Lililong'aa

Kwanza niungame kosa langu: mimi jirani yao nilikuwa mmoja wa waliomsifu Chiriku. Kila Jumamosi nilimwona ameshika kitambaa, anapangusa gari la mama yake mpaka ukilisogelea unaona meno yako. Nikasema, "Mtoto wa kuigwa huyo." Macho yangu yaliishia kwenye rangi.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alipokwenda mji mwingine kumuuguza bibi aliyevunjika mguu, Chiriku aliachiwa ufunguo wa gari. Kazi ilikuwa ndogo: kila Jumamosi ahakikishe gia iko huru na breki ya mkono iko juu, aliwashe, aliache lingurume kidogo, kisha azime. Shangazi aliyebaki naye hakujua hata boneti inafunguliwa wapi.

Jumamosi ya kwanza aliwasha. Ya pili aliitwa kuruka kamba, akasahau. Jioni mama akapiga simu.

"Gari umeliwasha, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," akajibu, na hakuna kilichotokea.

Wiki zilizofuata uongo ukawa mwepesi kama kunywa maji. Ili roho isimsute sana, akawa analipangusa vumbi.

Miezi ikapita. Mama akarudi na bibi kwa lifti ya jamaa aliyekuwa anapita, mguu wa bibi umefungwa plasta kuanzia pajani. Kesho yake bibi alitakiwa hospitalini kuitoa, na kwenye basi mguu ulionyooka vile haukuwa na pa kukaa. Betri ya gari, ambayo ilikuwa kuukuu tangu zamani, ilikuwa imekata roho. Fundi wa mtaani akaja na yake. Injini ikawaka, ikaanza: ko-ko-ko-ko, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko.

Fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Daktari wa vyuma," bibi akasema kutoka barazani, "liulize kama linaumwa tumbo."

"Kichwa, bibi." Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, lilikuwa linawashwa ulipokuwa safarini?"

"Kila Jumamosi. Binti yangu huyu."

"Hapo umenitisha. Lingekuwa limelala tu, ningesema oili imeshuka yote chini, vyuma vya juu vimekauka. Lakini kama lilikuwa linawashwa, basi kuna kitu kimelika ndani. Lazima niifungue injini. Wiki nzima, labda na zaidi."

Mama akakaa kwenye ngazi. "Na mguu wa mama yangu?"

"Niacheni na plasta yangu," bibi akasema. "Nimeshaizoea kuliko kiatu." Alitania, lakini mkono wake ulikuwa unakuna goti juu ya plasta, pasipokunika.

Chiriku aliuona mkono ule. Spana ikagusa nati ya kwanza.

"Fundi, subiri." Akaushika mkono wa fundi. "Halikuwashwa. Niliwasha mara moja tu. Siku zingine nilipangusa."

Mama akamtazama. "Na simu zote zile?"



"Shukuru, mama, amesema kabla nati haijatoka," fundi akasema. Akamwaga oili ya zamani, nyeusi, nzito kama uji, akatia mpya, akaliacha gari lingurume taratibu. Kisha akampa Chiriku bisibisi. "Sikiliza mwenyewe."

Chiriku akaweka mpini sikioni. Ko-ko-ko. Baadaye ko... ko... Mwishowe ukabaki mvumo tu.

"Unaona, mwanangu," fundi akamwambia huku akifuta mikono, "injini niliisikia vizuri sana. Kilichonipoteza ni maneno niliyopewa. Mtu anayekuja kukusaidia ukimpa uongo, atatengeneza pasipoharibika na kuacha penye ubovu. Awe fundi, daktari au mwalimu wako."

Asubuhi wakaondoka. Bibi aliunyoosha mguu wake kiti kizima cha nyuma. Chiriku alikaa mbele na magongo ya bibi mapajani.

"Mama," akasema, "Jumamosi hii naomba uniachie tena ufunguo. Nitaliwasha kweli."

Mama akabadilisha gia. "Utaliwasha," akasema, "lakini mimi nikiwa nimesimama pembeni." Bibi akatazama dirishani. Injini ikaendelea kunguruma taratibu.