Kimya cha Mwamvua Si Ridhaa

— Huyu haingii.

— Haingii kwa nini? Tiketi si hii?

— Kiziwi huyu, dada Chiku. Anakwenda kusikiliza nini?

Laurenti, mshika mlango wa sinema, alikuwa ametanua mikono kama anazuia ng'ombe. Nyuma yangu alisimama shoga yangu Mwamvua, na buibui lake jipya, akitazama midomo yetu mmoja baada ya mwingine. Hasikii tangu alipougua surua utotoni. Kusema anasema, tena kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo, maana mwenyewe hajisikii.

— Laurenti, picha ya leo ya wapi?

— Ya Bombei.

— Wajua Kihindi?

— Mimi? Nikijulie wapi!

— Na hawa wanawake wote waliotangulia, wanakijua?

— Hawakijui.

— Basi umeshajaza ukumbi wa viziwi. Mmoja akizidi utapungukiwa nini?

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ilikuwa siku ya wanawake peke yao sinema, mwaka hamsini na sita, na mtaa wetu wa Ngamiani wote umehamia pale. Laurenti angali ametanua mikono, sauti ikashuka kutoka juu:

— Mwache aingie! Nikizima mashine utawaimbia wewe?

Alikuwa Uweso, kijana wa Kigombe, mwendesha mashine. Akashuka ngazi, akasimama mbele ya Mwamvua. Hakumpigia kelele sikioni kama wafanyavyo wajinga. Alifuta jasho usoni, akasema polepole, mdomo waonekana wote:

— Ka-ri-bu.

— AHSANTE!

Watu wakageuka. Mimi nikajisemea, haya, mambo yameanza.

Ndani, Mwamvua ndiye aliyetusimulia picha. "HUYU MAMA MWONGO, MTAZAMENI SHINGO!" Kweli, kumbe mama ndiye mwizi wa mkufu. Wanawake waliotununia mwanzo kwa kelele zake wakaanza kumvuta buibui: "Na huyu je, Mwamvua?" Mkanda ukikatika taa zinawaka, Uweso anachungulia kidirishani, Mwamvua anainua mkono, vidole anavifumba na kuvifumbua mbele ya jicho, kama mwanga wa mashine. Hilo ndilo jina alilompa. Na kila siku ya wanawake tulikuwepo.

Mwishowe Uweso akatuma wazee wake posa kwa Ami Sleyum, ndugu wa marehemu baba yake Mwamvua, aliyemlea. Ami akawajibu:

— Nimemuuliza mwenyewe. Hamtaki.

Alimuuliza lini? Kwa mdomo upi? Mtu yule tangu mtoto augue hajajifunza hata kumgeukia anaposema naye! Lugha ya nyumba ile ilikuwa moja tu: kidole cha Bi Shamsiya, mkewe Ami, juu ya mdomo. Shhh. Punguza sauti, watuaibisha. Wageni wakija, kidole. Akicheka, kidole.

Hayo ya posa kukataliwa mimi sikuyajua. Nilikuwa kule Amani milimani kwa dada yangu, kajifungua. Nikarudi Ijumaa, nikakuta pilau linanukia hadi barabarani na Mwamvua kapakwa hina mpaka viwiko.

— CHIKU! NAOLEWA!

Akafumba na kufumbua vidole mbele ya jicho.

— Uweso? Ami kakubali?

— NILIMUULIZA, AMI, NI UWESO? AKAITIKIA KWA KICHWA!

Bi Shamsiya kidole mdomoni. Baadaye Ami aliapa kwamba siku ile alikuwa anafukuza nzi.

Wanaume wakajaa barazani. Mwalimu Miraji, mfungisha ndoa, akaja na mashahidi wake wawili, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

— Mwamvua binti Safari, umeridhia ami yako akuozeshe Himyar bin Nasoro?

Himyar! Yule mwenye duka wa Pongwe, anayetembea na funguo zake kiunoni kama askari jela! Nilimsikia kwa masikio yangu dukani kwake akisema: "Mimi sasa nataka mke asiyesikia. Nitasema nitakalo na hatanijibu." Nikawageukia wanawake wa chumbani. Wote wakatazama vidole vya miguu.

— Mlijua?

— Tungemwambiaje, mwanangu? — akasema Bi Shamsiya. — Hasikii.

— Hasikii, haoni pia? Nyie hamkuwa na mikono?

Nyumba nzima ilijua bwana harusi ni nani, isipokuwa bibi harusi!

Mwalimu akauliza mara ya pili. Mwamvua yuko chini ya ushungi, anatabasamu, amenyamaza kama alivyofundwa. Si mwajua kwetu? Mwali akiulizwa hunyamaza kwa haya, na kimya chake ndiyo ridhaa yake.

Ami Sleyum akadakia kutoka nje:

— Kanyamaza huyo, Mwalimu. Kimya cha mwali ni ridhaa. Tuendelee.

— Ngoja, Sleyum. Bado ya tatu.

Nikaufunua ule ushungi, nikamshika Mwamvua mashavu. Nikafumba na kufumbua vidole mbele ya jicho, kisha nikatikisa kichwa: siye. Nikatoa kitambi, nikapiga funguo zisizokuwepo kiunoni, nikatembea chumbani kama bata mzinga. Siku nyingine angecheka. Siku ile uso ulimshuka wote.

Bi Shamsiya akaruka na kidole chake mdomoni.

Mwamvua akakitazama kidole kile. Akakishika, akakishusha polepole, akakiweka mapajani pa mwenyewe Bi Shamsiya. Kisha akafungua kinywa.

— SIMTAKI!

Wallahi kunguru waliruka.

— SIMTAKI HIMYAR! NAMTAKA UWESO! SIKUULIZWA!

Safari hii waliopatwa na kimya ni wanaume. Mwalimu ndiye aliyekivunja.

— Sleyum, wewe si ulisema kijana wa Kigombe amekataliwa na mwenyewe?

— Mtoto hasikii, Mwalimu, hajui asemalo...

— Hasikii yeye. Mimi nimesikia. Na Pongwe nadhani wamesikia.

Himyar akasimama, funguo zinalia.

— Mliniambia bubu!

— Uliambiwa kiziwi, babu! — nikamjibu dirishani. — Bubu atakuwa nani leo, utajijua!

Mwalimu akamwambia Ami achague: amuozeshe anayemtaka, au shauri liende kwa kadhi na watu wasikie zaidi. Ami akachagua haraka. Pilau tulikula. Pilau lina kosa gani?

Jioni Uweso akaletwa, akasimama ukumbini, kichwa chini.

— Niliambiwa hunitaki.

— INUA USO! SIKUONI MDOMO!

Akauinua. Macho mekundu.

— Niliambiwa hunitaki, Mwamvua.

— NA WEWE UKANIULIZA?

Akasogea, taa imwangaze mdomo.

— Sikukuuliza. Nisamehe. Nami niliwaacha wengine wakusemee.

— USIRUDIE.

— Sirudii.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Miraji alikataa kuulizia nyuma ya pazia. Alilivuta kando, akasimama penye mwanga, akaomba mwali afunuliwe uso. Akatamka kila neno peke yake:

— U-me-ri-dhi-a U-we-so?

Bi Shamsiya, kwa mazoea, kidole kikaanza kupanda. Chumba kizima tukamkodolea macho. Kidole kikafika njiani, kikababaika, kikaishia kukuna pua.

— NDIYO! — akasema Mwamvua.

Laurenti mpaka leo anadai aliisikia akiwa mlangoni kwake sinema. Mwongo yule, alikuwa barazani, sahani ya pili ya pilau mkononi.